Bana kabla hujakohoa: mazoezi ya sakafu ya nyonga na pale yanapoharibika

Mama anainama kunyanyua ndoo ya lita 20. Anavuta pumzi, anaizuia kifuani, anakaza tumbo. Ndoo inapanda, na matone mawili matatu ya mkojo yanashuka. Ndoo ina lawama yake, kilo 20 si mchezo, ila lawama kubwa ni ya ile pumzi iliyozuiwa. Tumbo likishabanwa juu na mbele, msukumo wote unakwenda chini, na huko chini kuna misuli ambayo haikupewa taarifa.

Misuli hiyo ndiyo sakafu ya nyonga. Imetandwa mithili ya kamba za kitanda, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimelala kibofu, kizazi na puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, na katikati yake zinapita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Mtoto anapopita, sehemu ya misuli hii hunyooka karibu mara tatu ya urefu wake. Kamba zikilegea, godoro linabonyea: mkojo unaponyoka ukipiga chafya, ushuzi unatoka bila ruhusa, au unahisi kitu kizito kinaning'inia ukeni ikifika jioni. Aliyejifungua kwa upasuaji naye hajasalimika, maana ujauzito peke yake umeikalia misuli hiyo kwa miezi tisa.

Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha maelezo ya mazoezi ya kuikaza, pamoja na kifaa cha kupima nguvu ya mbano ili mwanamke aone kwa macho yake kama anabana kweli. Jina lake limebaki midomoni mwa watu, kipimo kimesahaulika. Mtu anapewa karatasi iliyoandikwa "fanya Kegel mara 10", anarudi nyumbani, na wengi wakiambiwa wabane, wanasukuma. Anayesukuma kila siku kwa bidii anajiongezea tatizo lilelile alilotaka kuliondoa.

Basi tuanze na kuitafuta misuli yenyewe. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini. Jifanye uko kwenye daladala iliyojaa na unazuia ushuzi. Bana hapo nyuma, uulete mbano mbele kama anayezuia mkojo, kisha uinue kwa ndani kuelekea kitovuni. Matako yabaki laini, mapaja yasisogeleane. Hesabu kwa sauti wakati umebana. Sauti ikikatika, ujue umezuia pumzi. Kisha chukua kioo kidogo utazame ngozi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Ukibana sawasawa, inaingia ndani na kupanda kidogo. Ikitutumka kuja nje, unasukuma. Asiyeona vizuri anaweza kuingiza dole gumba lililonawishwa ndani ya uke: linatakiwa libanwe na kuvutwa juu, lisitolewe nje.

Kukata mkojo katikati ni kipimo cha mara moja tu, kujua misuli ni ipi. Ukiligeuza kuwa zoezi la kila siku, unakizoesha kibofu kubakiza mkojo.

Ukishaipata, bana kwa sekunde 6 hadi 8, achia kabisa, pumzika kwa muda uleule au zaidi, halafu rudia mara 8 hadi 12. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Kama uwezo wako ni sekunde 3, hizo ndizo za kuanzia. Utaongeza moja moja kadiri unavyopata nguvu. Malizia kila mzunguko kwa mibano 5 ya haraka, bana-achia, bana-achia, kwa sababu chafya haisubiri mtu ajipange. Ukimudu ukiwa umelala, fanya ukiwa umekaa, kisha umesimama. Matokeo ya kuaminika huja baada ya miezi 3 hivi, na wengi hukata tamaa wiki ya nne, kabla misuli haijajengeka. Yafunge mazoezi na kitu usichoweza kukikwepa: kumnyonyesha mtoto, kungoja maji ya chai yachemke.

Kuachia kunastahili umakini uleule wa kubana. Msuli usiolegea kati ya mbano mmoja na mwingine huchoka na kuuma.

Sasa turudi kwenye ndoo. Isogeze karibu na miguu, kunja magoti, bana na kuinua misuli ya chini, anza kutoa pumzi taratibu, ndipo unyanyue. Vivyo hivyo kwa kikohozi na chafya: bana kwanza, kohoa ukiwa bado umebana, kisha achia. Zoezi hili dogo la kutangulia mara nyingi humpunguzia mtu matone hata kabla misuli haijawa na nguvu. Na kama ndoo inaweza kugawanywa kuwa madumu mawili ya lita 10, igawanye, hasa wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua.

Mazoezi haya yanafaa kuanza mimba ikiwa bado changa. Wanaoanza mapema wakiwa hawavuji hupunguza uwezekano wa kuvuja mimba ikikua. Baada ya kujifungua, anza pindi unapoweza kubana bila maumivu. Mwenye mpira wa mkojo asubiri utolewe na akojoe kwanza kama kawaida. Kukimbia na kuruka kamba kuje baada ya wiki 12, si kabla.

Wapo ambao shida yao ni kubanwa ghafla, akiona tu mlango wa choo mkojo umeshafika. Huyo asikimbie. Asimame au akae, abane haraka mara 5, avute pumzi kwa utulivu hadi wimbi lipite, ndipo aende kwa mwendo wa kawaida. Kama anakojoa kila saa moja, aongeze dakika 15, na akizoea aongeze nyingine, mpaka afikie saa 3. Kuacha kunywa maji hakusaidii: mkojo mzito hukichokoza kibofu. Afadhali apunguze chai ya rangi, kahawa na soda.

Ila kuna wanawake ambao hawapaswi kubana hata mara moja mpaka wapimwe. Misuli yao tayari imekakamaa: tendo la ndoa linauma, mkojo unachelewa kuanza, choo kinagoma kutoka. Miongoni mwao wamo wenye makovu ya ukeketaji au ya kushonwa vibaya. Tiba yao huanza na kulegeza, pumzi ndefu inayoshuka mpaka tumboni, na kulala kwa mapaja yaliyoachwa wazi juu ya mito.

Kuhusu mkaja: nguo iliyofungwa kwa kiasi inampa mzazi faraja, lakini ikikazwa mpaka pumzi inakuwa fupi, inasukuma viungo chini. Ukihisi uzito ukeni baada ya kujifunga, ilegeze. Shabu na dawa za kukaza uke ziacheni madukani. Zinakausha na kuchubua ngozi ya ndani. Msuli hauzijui kabisa. Choo kigumu nacho ni adui asiyesemwa, kwani kila kujikamua ni kuisukuma sakafu. Anayetumia choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga. Wenye choo cha kuchuchumaa wameshapata mkao huo bure.

Mkojo unaotiririka usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu ni habari nyingine. Hiyo yaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na mazoezi hayazibi tundu. Nenda hospitali mapema, kwa sababu tundu dogo likiwahiwa laweza kujifunga kwa kuwekewa mpira tu. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT hutibu fistula bila malipo. Kizazi kilichotokeza nje nacho kinahitaji daktari, kwa pete ya kukishikilia au upasuaji. Mazoezi husaidia zaidi kikiwa bado ndani au karibu na mlango. Na ganzi sehemu za siri pamoja na miguu kukosa nguvu ni dharura ya siku hiyohiyo.

Wanaume waliotolewa tezi dume hufanya mazoezi haya haya, ila wao huambiwa "fupisha uume, inua korodani", na wakisimama mbele ya kioo wanaona kweli vikipanda.

Ukifika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, ataomba ruhusa ya kupima kwa kidole, naye hukadiria nguvu kutoka 0 hadi 5. Una haki ya kukataa, ya kuomba mtaalamu mwanamke, na ya kuingia na ndugu. Uliza namba uliyopewa na uiandike, ili baada ya miezi 3 upimwe tena na mlinganishe.