Tulivyouokoa uwanja wa mtaa wetu Nakuru

Mabati ya wanyakuzi wa ardhi yalipoanza kusimamishwa pembeni mwa uwanja, vijana walitaka kuyang'oa usiku huohuo. Tukawazuia. Ukishayang'oa, kesho yake wewe ndiye mshtakiwa, na habari ya ardhi haiulizwi tena.

Uwanja huo wa nyasi uko chini ya mteremko wa Menengai. Mvua ya Aprili ikishika, maji hushuka kwa kasi, yakaingia kwenye nyasi ndefu, yakatulia. Asubuhi utawakuta yangeyange wakidonoa wadudu. Nyumba za upande wa chini hupona kwa sababu hiyo. Mwaga saruji pale, maji yataingia vyumbani mwa watu.

Kilichotufaa zaidi ni ramani. Mama mmoja aliyenunua ploti yake zamani alikuwa ameihifadhi nakala ya mgawanyo wa shamba, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Uwanja wetu umeonyeshwa humo kama sehemu ya umma. Shamba likikatwa ploti, kipande kilichotengewa umma si cha mwenye shamba tena, hana haki ya kukiuza. "Mwanangu, hii haitoki mkononi mwangu," akaniambia, tukaenda naye mpaka kwa mtu wa fotokopi.

Kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia ardhi tulizungushwa: afisa ametoka, rudini Jumatatu. Basi tukaomba faili ya uwanja kwa barua, tukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila huo utaambiwa barua haijaonekana.

Ndani ya faili mlikuwa na ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi. Tukaandika pingamizi, kila nyumba ikatia sahihi na nambari ya kitambulisho, tukaambatisha ramani na picha za mafuriko. Tukaeleza pia kwamba tuko tayari kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kwani Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kushtaki kutetea haki ya mazingira bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara.

Ombi likakataliwa. Waliosimamisha mabati wakaja kuyabeba wenyewe. Sasa tunafuatilia uwanja usajiliwe rasmi kama ardhi ya umma chini ya kaunti, kwa sababu usipokuwa na hati, viongozi wakibadilika wanyakuzi watarudi.