Kutoka Goma mpaka Akagera, kuona simba waliopanda ndege

Mama mukubwa aliposikia tunaenda Rwanda kuangalia simba akaweka chini sufuria ya sombe. "Simba yenye ilipanda ndege? Miye hata Bukavu naendaka na bato ya ziwa!" Akacheka mpaka akakaa. Halafu akauliza swali la maana, kwani hapa kwetu mbuga ya Virunga hakuna simba? Wako mama, wako, ila kufika huko siku hizi si mchezo, kila mtu wa Goma anajua.

Basi saa kumi na mbili asubuhi tuko mpakani Petite Barrière mimi na binamu, foleni ya wamama na mabeseni yao, muhuri, tukavuka. Gisenyi mpaka Kigali ni kona za Musanze tu, binamu alitapika mara mbili, hiyo niiruke. Nyabugogo, stendi ya Kigali, tukabadilisha gari, Kayonza tukalala, asubuhi jeep ya kukodi (ya nani sisemi, ila tairi zake nilizitilia shaka tangu mwanzo) ikatupeleka geti la kusini la mbuga ya Akagera.

Kiongozi wetu alichanganya Kiswahili na Kinyarwanda, simba kwake ni intare. Nilidhani ataanza na hadithi ya ndege, yeye akaanza na ng'ombe. Anasema baada ya 1994 watu waliorudi kutoka ukimbizini walirudi na mifugo, pa kuchungia hakuna, wakaingia mbugani, na 1997 mbuga ikakatwa ikabaki pungufu ya nusu. Sasa simba akiua ng'ombe, mchungaji anamwaga sumu kwenye mzoga na kujiendea zake, maana anajua simba atarudi kumalizia nyama yake, tena na wenzake, kwa hiyo mzoga mmoja unaweza kumaliza ukoo. Wakaisha wote. Ndiyo maana kabla ya kuleta hata mmoja ilijengwa kwanza senyenge ya umeme, kilomita 120, upande wa magharibi penye vijiji, ikakamilika 2013. Simba wakaja 2015, saba, majike 5 na madume 2 kutoka Afrika Kusini, ndege mpaka Kigali halafu lori, na hata hapo hawakufunguliwa, walifungiwa kwanza kwenye boma wakilishwa mpaka wazoee. Watoto wa kwanza 2016. Mwaka uliofuata wakaongezwa madume 2 wengine, ndugu wasije wakazaliana wenyewe kwa wenyewe. Leo wamepita 40. Mimi hapo nikaona ile ndege yenyewe ndiyo ilikuwa kazi ndogo kuliko zote.

Tulimwona kaskazini, uwanda wa Kilala, saa tisa hivi. Jike, amelala chini ya mgunga, kola nene shingoni, manyoya ya pale yameisha kwa kusuguliwa, nzi wamejaa puani, tumbo linapanda linashuka haraka haraka. Nilijiandaa kwa macho ya kutisha, kumbe alituangalia vile mama wa soko anamuangaliaka mteja asiye na pesa. Binamu akanong'ona, "Banamuvalisha mukanda kama mbwa!" Kola ndiyo inawaambia askari wa mbuga yuko wapi.

Kilomita moja mbele, psssss. Tairi. Si nilisema?

Kiongozi akapanda juu ya boneti, dereva chini na jeki, mimi nimeshika nati mkononi zimelowa jasho. Swala pala wako pale wanakula, na kiongozi anasema kwa upole kabisa, mkiona wote wameinua vichwa wanaangalia upande mmoja, ingieni ndani, msiulize. Jamani sijawahi kuangalia swala kwa makini vile. Nati moja ikaanguka kwenye majani, hakuna aliyejitolea kuitafuta, tukaenda na zilizobaki.

Kurudi Goma nikamuonyesha mama mukubwa picha. Akaikuza kwa vidole, akaikuza tena. "Ndiyo huyu alipanda ndege?" Nikamwambia hapana, kiongozi alisema huyu alizaliwa palepale mbugani.

"Ah. Basi tuko sawa na yeye."