"Shikamoo afande" haifanyi kazi Ohio

Desemba 2023 nilikuwa nyumbani Mikindani, likizo ya wiki nne baada ya miaka sita bila kukanyaga Mtwara. Nilimkuta mjomba kachangamka. Hela ya korosho imeingia, Noah imevalishwa matairi mapya, na mwanawe wa pili kashinda bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani. Viza imetoka, tiketi inatafutwa, na mgeni anakuja kufikia kwangu, Columbus, Ohio. Siku ya pili tu, sijamaliza hata sahani ya ming'oko niliyowekewa, mjomba akaniita barazani.

"Mpwa, huyu nduguyo udereva anaujua. Ila nasikia huko polisi akikusimamisha, ukikosea kidogo imekula kwako. Mfundishe kabla hajaondoka."

Mjomba akisema, kwetu huku hakuna kujiuliza. Jioni tukaisogeza Noah chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Mimi polisi, binamu dereva, mjomba kavuta kiti cha plastiki, na watoto wa jirani wamejipanga ukutani kama wanasubiri ngoma. Nikaazima tochi ya mjomba, ile anayoendea nayo msikitini alfajiri. Mtoto mmoja akauliza kama ni tochi ya kupima mwendo. Nikamwambia hapana, kule tochi ni tochi, unamulikwa nayo usoni.

Nikapiga king'ora cha mdomo. Sijafika hata kwenye bampa ya nyuma, binamu kashafungua mlango, kashuka, anakuja na leseni mkononi, mgongo kaukunja kidogo.

"Shikamoo afande."

"Umeshakufa," nikamwambia.

Watoto wakaangua kicheko. Mimi kicheko kilinikwama, maana hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Natoka zamu ya usiku kwenye ghala la vifurushi, alfajiri, barafu pembeni mwa barabara, kimulimuli nyuma yangu. Nikaegesha, nikashuka, nikaanza kumfuata askari kwa adabu zote nilizofundwa. Yule bwana alirudi nyuma hatua mbili, mkono kwenye bastola, akapiga kelele nirudi garini. Nikabaki nimesimama na leseni yangu kama mtu aliyeshika tiketi na basi limeshaondoka.

Kwetu, dereva anayebaki kwenye kiti akisubiri trafiki amfuate anaonekana ana kiburi. Unashuka, unamfuata chini ya mti alikojibanza, unasalimia, mnaongea. Kule askari hajui wewe nani, nchi imejaa bunduki, na mtu anayeshuka bila kuambiwa anahesabiwa kwamba anakuja kwa shari. Kwa hiyo unaegesha kulia, unazima injini, kama ni usiku unawasha taa ya ndani, unashusha kioo, mikono juu ya usukani, unatulia. Leseni, kadi ya gari na bima lazima umpe akiomba, hapo hakuna mjadala. Lakini kama viko kwenye kidroo cha dashibodi, humfungulii ghafla. Unamwambia kwanza: viko pale, naomba nivichukue.

Tukarudia. Safari hii binamu akakaa, mikono kwenye usukani, macho mbele kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikammulika.

"Unajua kwa nini nimekusimamisha?"

"Nisamehe afande, nilikuwa nawahi kidogo."

Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jibu la mtu aliyelelewa. Nikamwambia mjomba hilo ndilo jibu lililonitoa fedha. Mimi siku ile niliomba samahani mara tatu. Nilipotaka kubisha mahakamani nikakuta askari kaandika kwamba dereva alikiri kwenda kasi. Sikukiri, nilikuwa na adabu! Lakini kwa Kiingereza cha mahakama, "samahani, nilikuwa nawahi" ni kukiri, na sikuwa na la kusema.

Hapo binamu akauliza swali zuri. Kwenye sinema polisi si anakusomea kwanza kwamba una haki ya kunyamaza? Anasoma, nikamwambia, lakini si pale barabarani. Maneno yale yalitokana na kesi ya Miranda ya mwaka 1966, na ni ya mtu aliyeshakamatwa na anayekwenda kuhojiwa. Kuna kesi nyingine ilianzia Columbus hapo hapo, kwenye barabara ya mzunguko ya I-270, ninayopita kila siku kwenda kazini. Mwaka 1980 dereva mmoja alisimamishwa kwa kuyumba, akaulizwa kama ametumia kilevi, naye akajibu kwa moyo mweupe: bia mbili na misokoto kadhaa ya bangi. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1984 ikaamuliwa kwamba kusimamishwa kwa kawaida barabarani si sawa na kuwa chini ya ulinzi, kwa hiyo askari halazimiki kukusomea kitu, na ulichojisemea pale kinatumika. Haki ya kunyamaza unayo, ila hakuna wa kukukumbusha. Akikuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, umekunywa, unaweza kumwambia kwa upole kwamba hayo hupendi kuyajibu. Kudanganya ndiyo usithubutu, na usijiite raia wakati si raia. Hilo linaweza kukufungia milango ya uhamiaji maisha yako yote.

"Sasa huyo si ndiye mwenye kiburi?" mjomba akauliza.

Nilikosa jibu la haraka. Ni kweli, ukilitafsiri kwa Kiswahili linasikika vibaya. Kumwambia mtu mzima mwenye sare "hilo silijibu"! Ulimi wenyewe unagoma. Mimi ilinichukua miaka.

Tukaendelea. Nikamwambia binamu ashuke, akasema, "Sishuki, nina haki zangu." Kashaanza kunogewa. Nikamwambia hapo umekosea upande wa pili. Askari akikuamuru ushuke, unashuka. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1977, na mwaka 1997 ikaongeza abiria. Kukupapasa juu ya nguo ni jambo jingine, awe na sababu ya kukushuku kwamba una silaha. Hiyo nayo ni kesi ya Ohio, ilitoka Cleveland, ikaamuliwa mwaka 1968. Sijui jimbo letu lina nini na polisi.

Zoezi la mwisho ndilo nililolitaka tangu mwanzo. Nikamrudishia binamu leseni, nikamwambia nimekusamehe, nenda salama. Akashusha pumzi. Nikageuka kama naondoka, halafu nikarudi dirishani, sauti ya kirafiki kabisa: "Ndugu yangu, kabla hujaondoka. Humu ndani huna kitu kibaya, eti? Naweza kuangalia kidogo?"

"Angalia tu afande, sina shida."

Mjomba, watoto, wote wakaona kafaulu. Mtu asiye na kosa anaficha nini?

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa Noah nikawasimulia habari ya Robinette. Kijana alisimamishwa kaskazini ya Dayton, kama saa moja na kitu kutoka kwangu, mwaka 1992, akienda maili 69 mahali pa maili 45. Askari akampa onyo la mdomo, akamrudishia leseni, kisha akauliza swali kama lile langu. Kijana akasema hana kitu, akaruhusu gari lipekuliwe, zikatoka bangi kidogo na kidonge. Mahakama za Ohio zikasema askari alipaswa kwanza kumwambia kwamba yuko huru kuondoka. Mwaka 1996 Mahakama Kuu ikasema hapana, sheria haimlazimishi. Na tangu mwaka 1973 ilikuwa imeshasema polisi halazimiki kukujulisha kwamba unaweza kumkatalia upekuzi. Yaani mlango uko wazi, ila hakuna atakayekuonyesha. Lazima ujue mwenyewe kuuliza, "Je, naweza kwenda?" na kusema, "Sikubali gari lipekuliwe."

"Lakini kama sina kitu?" binamu akang'ang'ania.

Gari umelinunua kwa mtu, nikamjibu. Jana umempa lifti mwenzako wa kazini. Unajua kilichodondoka chini ya kiti? Hapo mjomba akakohoa. Noah yake msimu wa korosho inabeba kila mtu na kila kifurushi.

Nilimweleza pia kwamba kukataa si ukuta wa chuma. Askari akiwa na sababu ya msingi ya kuamini gari lina kitu cha haramu, anaweza kulipekua bila hati ya mahakama, sheria hiyo ni ya tangu mwaka 1925. Ukishasema hukubali na yeye akaendelea, humzuii kwa mkono, humvuti. Umeshasema, limesikika, mengine ni ya wakili. Simu ni tofauti, kuifungua na kuisoma kunahitaji hati ya mahakama hata kama umekamatwa. Hilo ni la mwaka 2014. Na hawezi kukuweka pale akisubiri mbwa wa kunusa aletwe wakati shughuli ya faini imeisha. Kwenye kesi ya mwaka 2015 waligombea dakika saba au nane tu, na dereva akashinda. (Simu hiyo hiyo usiishike ukiendesha. Tangu mwaka 2023 Ohio wanakusimamisha kwa hilo peke yake.)

Mjomba alikuwa kanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mpwa, haya yote mazuri. Lakini si huko huko watu wanapigwa risasi na mikono iko juu?"

Nikamwambia ndiyo. Mwaka 2016 kule Minnesota, Philando Castile alisimamishwa, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana bastola, anayo kihalali, akauawa pale pale kwenye kiti chake, mchumba wake pembeni na mtoto nyuma. Askari alishtakiwa, mwaka uliofuata akaachiwa. Sikuwa na la kuongeza. Tulisikiliza mawimbi kidogo, kisha mjomba akamwambia mwanawe, "Rudia ile ya mikono."

Akarudia mara tatu.

Keshokutwa yake tulikuwa njiani kwenda Lindi kumuaga bibi. Mjomba usukani, mimi kando, binamu nyuma. Kijiji kimoja kabla ya Mingoyo, sare nyeupe ikajitokeza pembeni na mkono umeinuliwa. Tumepigwa tochi. Mjomba akashuka kama kawaida, na mimi nikashuka naye, tena kwa raha, maana hapa najua pa kusimama. Niliona anachomeka noti ya elfu kumi ndani ya kava la leseni. Nikamshika mkono nikamwambia airudishe mfukoni. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa sawa na anayepokea, na mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi.

Mjomba aliniangalia kama nimemkatia barabara, lakini akairudisha. Tukaomba kuona kipimo. Askari, kijana mstaarabu tu, akatuonyesha picha: Noah yetu, namba zetu, 67 mahali pa 50. Akaandika notifikesheni, shilingi 30,000, namba ya malipo ikatoka, lipa kwa simu, hakuna hela mkononi. Nikamweleza mjomba kwamba karatasi ile ni ya anayekubali kosa. Kama hukubali, unasema hukubali, mnapelekana mahakamani. Na mtu akikudai fedha taslimu bila namba ya malipo, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapokea simu bure 113. Mjomba akasema yeye amekubali, tatizo lake ni kwamba 30,000 ni nyingi kuliko 10,000, na hesabu hiyo haihitaji mtu wa Marekani.

Askari akachungulia ndani ya gari. Binamu alikuwa amekaa wima kiti cha nyuma, mikono yote miwili imelala juu ya kiti cha mbele, vidole vimetanuka, haongei.

"Huyu ana nini?"

"Anasafiri," mjomba akajibu.

Binamu yuko Columbus sasa. Alisimamishwa mwezi wake wa nane, usiku, taa ya nyuma imeungua. Alinipigia simu akiwa bado kaegesha. Mikono aliweka, taa ya ndani aliwasha, kidroo aliomba ruhusa, swali la kwa nini alisema hajui, na kwenye upekuzi alisema hakubali. Kapewa onyo la maandishi.

"Sasa mbona unatetemeka?"

"Aliponimulika tu nikasema shikamoo."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza hiyo lugha gani. Hilo nalo nilikuwa na haki ya kulinyamazia?"