Nilivyouhamisha mtandao wetu wa kazini kabla haujafungwa

Mei 2024 meneja wangu alinitumia kiungo cha habari, na chini yake neno moja: "Umeona?" Kampuni ya Meta, wenye Facebook, ilikuwa imetangaza kwamba inaufunga Workplace, mtandao wa kijamii wa kazini niliokuwa nikiusimamia kwetu tangu 2017. Ratiba yenyewe ilijieleza. Watu wangeutumia kama kawaida hadi 31 Agosti 2025, kuanzia 1 Septemba ungebaki wa kusoma na kupakua tu, na ikifika 1 Juni 2026 kila kilichomo kingefutwa.

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Kufungwa kwake hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kwetu mtandao huo ulikuwa umeshapoa siku nyingi, nilijua, na sikuwa nimemwambia mtu.

Nieleze kwanza ulivyokuwa ulipokuwa hai. Wazo la kuleta kazini kile ambacho watu wanakifanya jioni kwenye simu zao halikuanza na Facebook. Yammer, mtandao wa kazini wa aina hiyohiyo, ilikuwepo tangu 2008, na nguvu yake ilikuwa kwamba mfanyakazi yeyote mwenye barua pepe ya kampuni aliweza kujiunga na kuwaita wenzake bila kumngoja bosi. Microsoft waliinunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2. Facebook walianza majaribio yao Januari 2015, na Oktoba 2016 wakautoa rasmi Workplace. Kwa kampuni kama yetu, ambayo wengi wa watu wake wako ghalani, njiani na kwenye mashine, faida kubwa ilikuwa moja: hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mzee wa miaka hamsini na tisa ambaye hajawahi kufungua barua pepe ya ofisi alijua tayari pa kubonyeza ili aposti picha.

Na waliposti. Usiku mmoja, kama saa nane, mtunza ghala wa zamu aliweka picha ya lebo iliyotoka na mstari mweupe katikati, msimbo hausomeki. Akaandika: "Wakuu, naomba msaada. Gari linaondoka saa kumi." Dakika nne baadaye akajibiwa na fundi wa tawi jingine, mtu ambaye hawajawahi kuonana: "Zima mashine, iache ipoe. Fungua kifuniko, futa kile kichwa cha kuchapia kwa kitambaa laini chenye spiriti. Ni gundi ya lebo imeganda. Usikwangue na kisu, utakiua." Saa nane na nusu ikaja picha nyingine, lebo safi, na maneno matatu: "Asante kaka, imekubali."

Mimi niliyaona hayo asubuhi, kazi imeshaisha. Kwa miaka miwili iliyofuata watu wenye tatizo lilelile waliifukua posti ile, wakafanya alivyosema fundi, wakaendelea na kazi bila kumpigia mtu simu. Huo ndio ulikuwa mtandao wetu. Mtu wa zamu ya usiku alikuwa na wa kumuuliza.

Kupoa kwake hakukuwa na siku moja ninayoweza kuitaja. Kwanza idara ziligundua kuwa watu wako pale, zikaanza kuleta matangazo. Kila idara ilitaka tangazo lake libandikwe juu. Ukifungua unakutana na mkurugenzi anakata utepe, kisha sera mpya ya likizo, kisha picha za semina, na swali la fundi liko chini huko, halijaonwa na mtu. Halafu kuanzia 2017 kukawa na Teams, programu ya Microsoft ya vikao na ujumbe wa kazini, ambako ndiko ziliko nyaraka na vikao, na watu wa ofisini wakahamia huko kimyakimya. Sina ugomvi na hilo. Mtu anakaa pale kazi yake ilipo.

Lakini kuna jambo moja ninaloamini lilituvunja kuliko hayo yote. Binti mmoja wa upande wa usambazaji aliuliza kwenye kundi la wazi kwa nini saa za ziada zinahesabiwa tofauti katika matawi mawili. Aliuliza kwa adabu kabisa, ameanza na "Shikamooni wakubwa zangu". Kabla ya mchana alikuwa ameitwa ofisini, na mimi nikapigiwa simu niiondoe posti. Niliiondoa. Hakuna tangazo lililotolewa juu ya jambo hilo, wala halikuhitajika. Ndani ya wiki chache maswali yakahamia kwenye makundi ya WhatsApp ambayo watu walijiundia wenyewe, kila tawi na lake, na fundi wa tawi hili hakumsikia tena wa tawi lile.

Mwezi Mei 2021 Workplace ulikuwa na watumiaji milioni 7 wa kulipiwa duniani. Ripoti zangu nazo zilipendeza, kwa sababu kila aliyeajiriwa alifunguliwa akaunti na nilikuwa nikihesabu walioingia. Nilipaswa kuhesabu maswali yaliyojibiwa.

Hilo ndilo nililolifanya baada ya tangazo la kufungwa. Uongozi ulitaka tuchague jukwaa jipya haraka na kuhamisha kila kitu. Meta wenyewe walikuwa wakiwaelekeza wateja kwenye Workvivo, ya kampuni ya Zoom, na njia nyingine zilikuwepo. Niliomba wiki sita kabla ya kuchagua chochote. Nikapita kundi kwa kundi, jioni baada ya jioni. Katika kundi la mafundi, mwaka 2018 kulikuwa na maswali karibu kila siku. Mwaka 2023 nilivuta skrini miezi miwili mizima bila kukuta hata moja. Nilipeleka hesabu hiyo kwa meneja kama ilivyo, na nikamwambia kwamba tukinunua jukwaa jingine bila kugusa jambo hili, tutakuwa tumehamisha ubao wa matangazo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuanzie hapo."

Kanuni niliyoitumia ilikuwa fupi: kinachohama ni pale mtu alipouliza, mwenzake akajibu, na jibu bado linafanya kazi. Matangazo yalipakuliwa yakawekwa kwenye kumbukumbu za kampuni, wanasheria wakihitaji watayakuta. Ujumbe wa faragha sikuugusa, niliwaandikia wenyewe wapakue vyao mapema. Majibu ya kiufundi niliyakagua na yule fundi wa spiriti, ambaye sasa anakaribia kustaafu. Tulitupa karibu nusu, maana mashine nyingine hazipo tena na jibu la zamani kwa mashine mpya linaweza kuharibu kitu. Picha ndizo zilizonichosha. Nilizipakua zote kwa mkupuo, nikabaki na maelfu ya faili zenye majina ya tarakimu tupu, nisijue ipi ni ya jibu lipi. Ilibidi nirudie, safari hii kila picha ikipewa jina la mashine na tarehe palepale. Ukiwa na kazi kama hii, anza na picha, tena kidogo kidogo.

Katikati ya kazi hiyo nilipigiwa simu na mjane wa dereva wetu aliyefariki 2019. "Mwanangu, nasikia ule mtandao wenu unafungwa. Yale waliyomwandikia baba yenu yanakwenda wapi?" Kanuni yangu haikuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Niliichapa posti yote, rambirambi mia mbili na kitu, nikaifunga kwa uzi na kumpelekea.

Jukwaa jipya tulilichagua mwishoni, na halikutuchukua muda. Mjadala mrefu ulikuwa juu ya sharti langu: posti ya swali isiondolewe kabla aliyeuliza hajaelezwa sababu kwa maandishi, na mkuu wa idara inayohusika ajibu ndani ya siku tatu. Vikao vinne. Wakakubali.

Nilimfuata yule binti wa usambazaji, sasa ni msimamizi wa zamu, nikamwomba awe wa kwanza kuandika humo. Akaniangalia. "Dada, lile swali langu la mwaka ule lilijibiwa?"

Halikuwa limejibiwa. Nilimwomba radhi kwa kuiondoa posti yake, kisha nikalibeba swali lile hadi idara ya rasilimali watu, nikalisimamia wiki mbili. Jibu likaja na jedwali la hesabu za matawi yote, na moja lilikuwa kweli linapunjwa. Siku tuliyofungua, aliliweka swali lake upya, neno kwa neno, na shikamoo yake ikiwa palepale juu, na jibu likafuata chini yake.