Mama yangu si "he"

Nina miaka 46, nashona nguo hapa Tanga, na jioni mara tatu kwa wiki nasoma Kiingereza. Juzi mwalimu alitupa kazi: andika kisa kifupi cha maisha yako. Nikaandika siku mama alipouza mbuzi wetu wa mwisho ili nipate sare ya shule.

Daftari lilirudi limejaa wino mwekundu. Kila nilipomtaja mama nilikuwa nimeandika "he". Kwetu "a-" inatosha: alikwenda, alirudi, awe mwanamke, awe mwanamume. Kiingereza kinataka uchague kila mara: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke. Halafu ile "-ka-" yetu, inayovuta kisa mbele kama uzi kwenye cherehani, kule haipo. Kila kitenzi lazima kivae wakati uliopita chenyewe: "went", "sold", "came". Na "sell" haiwi "selled", hilo nimeshalikariri.

Usiku nikaandika upya, nikisoma kwa sauti. "She sold the goat. She did not cry." Kwenye "she" ya pili nilisimama. Nilimwona mama kabisa, kanga imelowa umande, kamba tupu mkononi. Kesho naendelea na aya ya sare.