Siku moja na mikungu ya ndizi, kutoka Mabibo hadi Tegeta

Watu wakisikia nauza ndizi, wanaona beseni kichwani au meza ya mbao kando ya kituo cha daladala. Wengi wetu tulianzia huko na ni kazi halali. Ila yangu ni kulisha majiko. Naipelekea ndizi migahawa, vibanda vya mama ntilie, baa za nyama choma na hoteli ndogondogo za Dar es Salaam, za mjini na za pembezoni. Ukinywa mtori wa moto asubuhi Kimara, au ukila kitimoto na ndizi za kukaanga usiku Sinza, kuna mtu aliyeamka usiku wa manane kukuchagulia zile ndizi. Naandika ili mnione na sisi.

Saa tisa na nusu usiku. Soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Malori yanashusha. Mengine yametoka Tukuyu, zaidi ya kilomita 800, mengine Kilimanjaro. Hapa kila mtu ana tochi ya simu mdomoni na mikono yote miwili kwenye mikungu. Anayekuja mchana hukuta mabaki, kwa hiyo usingizi wa alfajiri nimeshauaga.

Kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Anayedhani ndizi ni ndizi hajawahi kurudishiwa mzigo. Mshare ya mtori lazima iwe mbichi kabisa, ganda limekaza, na ukikata ncha utomvu utoke hapohapo, mweupe. Utomvu ukichelewa, ujue huo mkungu umelala njiani siku nyingi. Ndizi bukoba ni kwa wale wa kupika ndizi nyama. Mzuzu nanunua ikiwa haijaiva, naifunika turubai stoo kwangu mpaka igeuke njano, kwa sababu wa kukaanga anaitaka na madoa meusi na wa kuchoma anaitaka ngumu kidogo. Mkono wa tembo huenda kwa akina mama wa Kipwani wanaozipika kwa nazi, na Ramadhani ikifika hiyo hugombewa. Malindi na kisukari ni za kuliwa hivihivi, hizo ni za hoteli.

Saa kumi na moja alfajiri. Kijana wangu wa guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, amefika, tunapakia. Mikungu mizito chini, mbivu juu, katikati magunia.

"Mama, tunaanzia wapi?"

"Kimara, mwanangu. Mama wa mtori hasubiri jua."

Na kweli hasubiri. Mifupa ya ng'ombe iko jikoni tangu usiku. Namwamkia shikamoo, anaitikia huku mkono ushauvuta mkungu. Anavunja kidole kimoja, anakinusa, anakubali kwa kichwa. Kisha anajipaka mafuta ya kula viganjani ili utomvu usimng'ang'anie, anakaa kwenye kigoda na kuanza kumenya. Kisu kinapita juu mpaka chini mara moja, ganda linafunguka, ndizi inatumbukia kwenye ndoo ya maji kabla haijawa nyeusi. Ndoo inajaa huku tunaongea habari za watoto. Zikishaiva na nyama atazivuruga kwa mwiko hadi ziwe uji mzito, na mwanga ukitoka madereva na makondakta watakuwa wamejipanga na chapati mkononi. Namheshimu sana mama huyu. Hajawahi kunirudisha bila pesa yangu.

Saa moja hadi saa nne ni Magomeni, Ilala, Kariakoo, kushusha na kupokea hela. Mama ntilie wa Kariakoo wanapika ndizi utumbo na wali maharage kwa ajili ya wabeba mizigo, nao hununua hata vidole vilivyokatika kwenye mkungu, kwa bei ya chini, taslimu. Niseme wazi: katika jiji hili hakuna mlipaji mwaminifu kama mama ntilie. Anahesabu noti za 1,000 na sarafu za 500 zenye harufu ya vitunguu, anakupa, yamekwisha.

Saa nne na nusu, Kisutu na Upanga. Huku ni jiko lingine kabisa. Wahindi wanaparuza ndizi mbichi nyembamba moja kwa moja kwenye mafuta yanayochemka, zinatoka krispi, zinanyunyiziwa chumvi na pilipili. Mpishi wao anataka ndizi ndefu iliyonyooka, iliyopinda anaiweka pembeni bila ugomvi. Pale nje utakuta kachori, bajia, mishkaki, urojo wa Kizanzibari, vyote ndani ya mitaa michache. Mtu anayesema Dar hakuna cha kula isipokuwa chipsi mayai hajatembea na mimi.

Saa sita, Msasani na Mikocheni. Kisukari kwa hoteli mbili. Tunapita migahawa ya Wahabeshi na ya Wachina. Hao sina cha kuwauzia, ila harufu zao nazijua zote kwa sababu kazi yangu inafanyika mlango wa nyuma. Mbele kuna viti na muziki. Nyuma kuna mitungi ya gesi, ndoo za maganda, binti anayeosha sufuria kubwa kuliko yeye, na wauza samaki kutoka Feri waliokaa juu ya maboksi yao wakisubiri kuitwa. Mgahawa ninaujua kwa namna unavyotutendea sisi wa nyuma.

Na hapo ndipo nifike Mbezi Beach.

Saa saba na nusu mchana. Kuna mgahawa mmoja mkubwa huko, sitautaja. Stoo kipa wao alinipigia jana yake jioni: mikungu sita ya mzuzu iliyoiva, ya kukaanga, kuna sherehe keshokutwa. Nikamchagulia kwa mkono wangu kutoka stoo, njano ile yenye madoa, haijalegea. Getini mlinzi anasema, "Mama subirini, yuko kwenye kikao."

Tukasubiri. Guta halina kivuli. Mbivu na jua haviendi pamoja, kila nusu saa inashusha thamani ya mzigo na hakuna wa kukulipa kwa hilo. Nikaomba maji kwenye bomba la bustani nilowanishe magunia nizifunike. Mlinzi akanionea huruma, akanipa. Saa nane. Magari ya wateja yanaingia, sisi tunaambiwa tusogee nyuma, tusizibe njia. Saa nane na nusu. Mpishi wao, dada mmoja mwenye moyo mzuri, akatoka kumwaga maji, akafunua gunia, akasema, "Mama, hizi ndizo." Akarudi ndani kumwita.

Saa tisa kasoro stoo kipa akatoka na kalamu sikioni. Hakusalimia. Akabonyeza ndizi ya kwanza kwa dole gumba, ya pili, ya tatu. Kila unapobonyeza mzuzu mbivu hivyo, pale pale panageuka peusi.

"Mama, hizi zimeiva sana."

"Bosi, uliagiza za kukaanga kesho. Za kukaanga ndivyo zinavyokuwa."

"Nitakupa 12,000 kwa mkungu."

"Tulikubaliana 18,000."

"Sawa, basi acha mzigo, uje mwisho wa mwezi tutaongea."

Mali kauli ni kawaida katika biashara yetu, siikatai. Unaacha mzigo kwa neno, unalipwa ukishauzwa. Lakini mgahawa huu una mzigo wangu wa wiki iliyopita ambao haujalipwa, na nilipoutaja nikaambiwa mhasibu ametoka. Mhasibu yule ametoka kila ninapofika. Wenye lori Mabibo hawanikopeshi mimi. Ushuru wa soko silipi kwa kauli, mafuta ya guta silipi kwa kauli, na kijana wangu ana mke na mtoto mchanga Manzese. Mgahawa wenye taa za rangi bustanini unataka kukopa kwa mwanamke mwenye guta la kukodi, na bado unaona unamfanyia hisani.

Nikamwambia kijana wangu awashe.

Dada mpishi ndiye aliyetoka mbio. "Bosi, kesho nitakaanga nini?" Yakazuka maneno kati yao pale mlangoni, mimi nimesimama na mkono kwenye turubai. Mwishowe stoo kipa akachukua mikungu mitatu, taslimu, kwa 18,000 ileile. Deni la zamani likabaki deni. Nilipopanda guta miguu ilikuwa inatetemeka, na sikuwa nimekula kitu tangu chapati ya Kimara.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imejaa kuelekea Tegeta, vumbi, honi, kijana kimya, mimi kimya. Mikungu mitatu ya mzuzu mgongoni mwetu inaiva kadiri tunavyosogea. Nikapiga simu nne. Wa nne, mwenye jiko la nyama choma Tegeta, akasema, "Njoo nazo dada, leo kuna mpira." Akachukua miwili. Yeye huzichoma na ganda kwenye mkaa wa pembeni, zikipasuka anazipaka chumvi na kuziweka ubaoni kando ya mbuzi na kachumbari. Akanikalisha, akaniwekea sahani bila kuniuliza. Kijana wangu alikula huku macho yanafumba.

Tukarudi Sinza giza limeshaingia. Mkungu wa mwisho ulikwenda kwa jiko la kitimoto, na yule mama wa pale alipofunua gunia na kuona alama za dole gumba hakusema neno juu ya bei. Alikata sehemu nyeusi, akaziweka nyingine kwenye karai. Ndizi ileile iliyoambiwa imeiva sana ilipotoka ilikuwa ya dhahabu pande zote mbili, laini katikati, na watu walikuwa wanaisubiri mezani. Nilisimama kuiangalia ikipita. Nilichoka, lakini nilifurahi kweli.

Nyumbani nimemlipa kijana, nimetoa hela ya mafuta, nimetenga ya mzigo wa kesho. Kilichobaki kinatosha ada ya mwanangu wa pili kwa sehemu, na unga. Viganja vyangu ni vyeusi kwa utomvu, hautoki kwa sabuni, ni mpaka mafuta ya taa. Nguo za kazi nimezitenga siku nyingi maana doa hilo halifuliki.

Nikiwa naweka alarm simu ikaita. Stoo kipa wa Mbezi Beach. Sauti yake sasa ina adabu: mikungu mitatu haitoshi, wageni wameongezeka, naomba mama uniletee mingine mitatu kesho asubuhi. Nimemwambia ninayo, imeiva vizuri, na itapakiwa kwenye guta pesa ya wiki iliyopita ikishaingia kwenye simu yangu. Imeingia saa nne na dakika kumi usiku.