Wiki moja ndani ya boti ya futi saba

Mama alikuja Birmingham kutoka Lushoto mwishoni mwa Septemba, na kanga sita, sweta mbili, na mashaka mengi kuhusu nchi hii. Kufika katikati ya Oktoba alishachoka kukaa ndani akitazama televisheni asiyoelewa inasema nini. Ndipo Baba Asha, mtu wa Pangani ambaye bahari haijamtoka mwilini, akatangaza kwamba likizo fupi ya watoto tutakodi boti.

"Baharini?" Mama akauliza.

"Mferejini, mama."

Mama akanyamaza. Kwetu milimani mfereji ni ule wa kumwagilia maharage, unauruka kwa hatua moja.

Ya huku hairukwi. Ilichimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, kabla ya reli, na boti zilizobeba makaa ya mawe, chokaa na vyombo vya udongo zilikuwa zinavutwa na farasi anayetembea kandokando. Mizigo ilishahama, imebaki starehe, pamoja na watu wanaoishi humo mwaka mzima. Boti tuliyopewa ilikuwa na urefu wa futi 57 na upana wa futi 6 na inchi 10. Hawakubania chuma. Loki za mfereji ule, yaani vile vyumba vya maji vyenye milango vinavyopandisha na kushusha boti, zina upana wa futi 7 hivi, basi. Kwa hiyo unaishi ndani ya kitu kama ile njia ya katikati ya basi la Tanga, ila humu kuna jiko, choo na vitanda.

Tulianzia Wrenbury, Cheshire, kwenda Llangollen kule Wales na kurudi. Siku saba, watu watano: sisi wawili, Asha wa miaka 14, Salim wa miaka 9, na Mama.

Kosa kubwa nililifanya kabla hata kamba haijafunguliwa. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba chenye kitanda cha kudumu na mlango wake. Mbele ilikuwa sebule, yenye jiko dogo la chuma la kuchoma makaa ya mawe, na meza ambayo usiku unaishusha, unapanga mito juu yake, inakuwa kitanda. Mzazi utamlaza mezani? Nikampa Mama chumba cha nyuma. Nilijiona mtoto mwenye adabu.

Sikujua mambo mawili. Kwanza, joto la lile jiko haliendi mbali. Jikoni kwa kupikia linafika, bafuni linafika kidogo, chumba cha nyuma kinapata salamu tu. Pili, chumba cha nyuma ndiyo njia ya nahodha. Anayeendesha anasimama tezi, yaani nyuma kabisa, ameshika kana, ule mpini wa usukani, na milango iliyo miguuni pake inafunguka moja kwa moja chumbani. Maana yake Baba Asha alikuwa anashinda kutwa nzima amesimama juu ya kitanda cha mama mkwe wake.

Hili wenzetu wa huku hawawezi kulielewa. Mtu na mkwe wake wanatakiwa nafasi, na futi saba si nafasi. Ukitoa makabati na ukuta wa bafu, korido inabaki ya bega moja. Wawili wakikutana, mmoja lazima agande ukutani kama mjusi. Baba Asha hakuwa tayari kupishana na Mama namna hiyo hata mara moja. Akitaka chai iliyoko mbele, ananikabidhi kana, anangoja boti ipite chini ya daraja ambapo ukingo uko karibu, anaruka nchi kavu, anatembea haraka hadi mbele, anangoja, anapanda. Inawezekana, kwa sababu mwendo unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa na sisi hata hizo hatukuzifika. Mfereji wa Llangollen una mkondo: maji yanachukuliwa kutoka mto Dee juu ya Llangollen na kuteremka hadi bwawa la Hurleston, ambako yanasafishwa watu wanywe. Kwenda ni kupanda mkondo. Kikongwe mmoja mwenye mbwa alitupita asubuhi, tukamkuta mbele amekaa kwenye benchi, akatupita tena. Mama akawa anampungia mkono kupitia dirishani, kwa salamu ya Kisambaa: "Onga mshi!" Naye anajibu kwa furaha, sijui aliitikia nini.

Halafu pampu. Bomba la boti halitoi maji mpaka pampu ingurume, na inanguruma boti nzima isikie. Mama anaamka alfajiri kutawadha. Grrr. Anajua mkwe amesikia. Anafunga. Anafungua kidogo. Grr. Asubuhi ya pili aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nyumba hii inasema."

Lakini hilo la asubuhi ya pili sikulisikiliza vizuri, kwa sababu tulikuwa na kubwa zaidi.

Usiku ule tulikuwa tumefunga boti karibu na Grindley Brook, chini ya ngazi ya loki. Pale kuna loki sita, tatu za juu zimeunganishwa, mlango wa juu wa moja ndio wa chini wa inayofuata, na kuna mtu wa zamu wa kuwaongoza wageni wasimwage maji ya watu. Baridi ilishuka. Tulichochea jiko, tukalala. Saa kumi na mbili Baba Asha alizunguka kwa nje akakague injini, akavuta milango ya nyuma, ikagoma. Akavuta tena. Ikafunguka na kipande cha kanga kikining'inia.

Sehemu ya chini ya ile milango ina matundu, kama ya dirisha la bafu. Yote yalikuwa yamesokotewa kanga. Juu ya dari kuna vitu vya shaba vyenye umbo la uyoga, navyo ni matundu ya hewa. Cha chumbani kwa Mama kilikuwa kimejazwa kanga nyingine, na nilipoivuta nikakuta ile ya maandishi "Mgeni njoo mwenyeji apone".

Nilitaka kucheka, miguu ikaniisha nguvu. Matundu hayo hayakuwekwa kwa urembo. Jiko la makaa linakula hewa ile ile tunayovuta, na hewa isipoingia ya kutosha moto unaungua vibaya, unatoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Unalala tu. Kilichotuokoa ni kwamba matundu ya mbele, kwenye jiko lenyewe, yalikuwa wazi, na king'ora cha ukutani, kile cha kutahadharisha gesi hiyo, kilikuwa kimya kwa haki. Na mtu aliyenifundisha habari hii ni nani? Ni Mama. Lushoto baridi ya Juni na Julai unaijua, na kila mtoto wa kule amekatazwa kulala na jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Nimewahi kuchapwa kwa hilo.

"Mama, si wewe uliyesema jiko halilali ndani?"

"Jiko lipi?" akasema. "Huku nyuma kuna jiko? Mimi niliona upepo tu."

Alikuwa na haki. Kule nyuma jiko halikuwepo, si kwa macho, si kwa joto. Nilikuwa nimemweka mbali nalo kiasi cha kulisahau.

Na kuziba hakukumsaidia chochote. Madirisha yalikuwa yanatiririka maji. Ukutani matone. Nilipoinua godoro, upande wa chini ulikuwa umelowa kana kwamba mtoto amekojoa. Boti ni ya chuma, chuma kimekaa kwenye maji ya baridi, na pumzi ya mtu usiku kucha inatafuta mahali pa baridi pa kugandia. Nilifika nikidhani adui ni baridi. Baridi unavaa sweta. Unyevu unavaa nini? Mtu wa boti ya jirani, aliyekuwa anapasua kuni, alituona tunaanika godoro juu ya paa akatuonea huruma: fungueni dirisha vidole viwili wakati wa kupika, sufuria ifunikwe, nguo mbichi zikaushwe nje, madirisha yapanguswe kila asubuhi kabla ya chai, na godoro liinuliwe mchana lipate hewa. Kanga ya mgeni njoo ikapewa kazi hiyo ya kupangusa hadi mwisho wa safari.

Siku hiyo tukahamishana. Mama akaja mezani.

Sijui kwa nini sikuliona mwanzo. Kitanda cha meza kiko hatua moja kutoka kwenye lile jiko la chuma. Juu ya jiko birika linakaa usiku kucha, maji ya vuguvugu ya kutawadhia yapo alfajiri, anamimina kwenye kopo, pampu haiguswi, nyumba haisemi. Kibla alikipata kwa simu ya Asha kila tulipofunga boti, maana mfereji unapinda huku na huku. Na moto ukawa wake. Sisi tulikuwa tunachochea hadi unanguruma, kisha saa nane usiku umekufa. Yeye akaujaza makaa, akaacha uwake vizuri, akabana kitundu cha hewa cha chini taratibu, akakisikiliza. Asubuhi bado mwekundu. Uji wa ulezi ulichemkia hapo hapo, gesi tukaiachia chapati. Baba Asha naye akapata njia yake ya nyuma, akaacha kurukaruka ukingoni.

Mengine yalikuwa madogo. Asha alichomeka mashine ya kukaushia nywele, umeme wa boti nzima ukazimika. Ni betri tu, zinachajiwa na injini, na injini hairuhusiwi kunguruma ukiwa umefunga kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Karibu na Ellesmere, nikitazama ziwa la Blake Mere lililo bega kwa bega na mfereji, niliipandisha boti kwenye tope, ikalala ubavu, sufuria zikahama. Upondo, ile fimbo ndefu ya kusukumia boti, ukatutoa. Na choo: ni cha kaseti, kama lita 20, na watu watano hawaoni haya. Kila siku ya pili unaibeba kama sanduku hadi mahali pa kumwagia. Tulipiga kura. Tusilizungumze zaidi.

Siku ya nne tulivuka daraja la Chirk, ambalo mfereji wenyewe unapita juu yake, mita 21 juu ya bonde, tukaingia Wales katikati ya daraja, kisha papo hapo tukamezwa na handaki la mita 421, giza, mkondo ukitusukuma nyuma. Mchana tukafika Pontcysyllte. Hilo nalo ni daraja la maji: beseni refu la chuma la mita 307 juu ya nguzo za mawe, mita 38 juu ya mto Dee. Lilifunguliwa mwaka 1805, kazi ya Thomas Telford na William Jessop, na tangu 2009 liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upande mmoja kuna njia ya miguu na reli ya kushikilia. Upande wa pili hakuna kitu. Kingo ya chuma inazidi maji kwa kiganja, na baada ya hapo ni hewa.

Salim alipiga kelele. Baba Asha alishika kana kwa mikono miwili, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Nilikwenda ndani nimtazame Mama. Alikuwa amekaa mezani pake, upande ule usio na reli, bakuli la maharage mapajani, anachambua. Nje ya dirisha lake ndege alipita chini yetu.

"Tuko juu ya nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mto, Mama."

"Mfereji juu ya mto." Akatupa kijiwe kwenye kopo. "Hao wana maji ya kuchezea."

Tulirudi na mkondo, kwa hiyo haraka kidogo. Wrenbury mwenye boti alikagua king'ora, akahesabu spana za kufungulia loki, hakuuliza kwa nini uyoga mmoja wa darini ulikuwa unang'aa kuliko wenzake.

Usiku ule Birmingham, nikipita kuzima taa, nilihisi baridi kwenye korido. Hita ilikuwa inawaka kila chumba, kwa pesa yangu. Nikafungua mlango wa Mama polepole. Amelala, blanketi hadi kidevuni, na dirisha lake liko wazi vidole viwili.